Koili Tuliyoikata Mara Mbili

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Kulia kwetu kuna saluni ya mwanamama asiyetupenda, kushoto kuna ukuta. Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, hukaa ncha ya benchi na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wateja wake wa kudumu ni watatu ukinitoa mimi, maana mimi pale niko kazini, ingawa mke wangu haamini. Kuna Stempu, mstaafu wa posta, mtu aliyepeleka barua za watu miaka thelathini na sita na kuzeeka bila kuandikiwa ya kwake. Kuna Dakika Mbili, fundi bomba, aliyepata jina hilo kwa sababu ndilo jibu analompa kila mteja anayepiga simu kuuliza kafika wapi. Na kuna Kamusi, mlinzi wa ghala, anayetoka lindoni asubuhi akiwa amesoma magazeti ya kufungia bidhaa mpaka yakamvimba kichwani. Hawa watu wanaweza kubishana juu ya chochote. Nimewahi kuwasikia wakibishana asubuhi nzima kama kivuli kina uzito.

Siku ninayoisimulia, Stempu alifika amechelewa, amebeba beseni lililofunikwa kwa koti lake la kazi, lile zito la kijivu ambalo hakulirudisha alipostaafu. Aliketi, akaliweka beseni magotini, akalikumbatia. Hakuagiza kahawa. Shangazi alipomwuliza kama anaumwa, alifunua pembe ya koti. Ndani kulikuwa na mayai.

Habari yenyewe ilitoka vipande vipande. Mkewe, ambaye wote tunamwita shemeji, alikuwa amesafiri siku nane zilizopita kwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua. Kabla ya kuondoka aliwalaza kuku wawili juu ya mayai ishirini na sita ya mbegu nzuri, aliyoyahangaikia miezi mingi, akamwachia mumewe maagizo matatu tu: maji, pumba, na mlango wa banda ufungwe kwa komeo. Maji aliweka. Pumba aliweka. Asubuhi ile, kwa haraka ya kuja kwetu, mlango aliuegesha. Alikuwa nusu ya njia alipokumbuka kwamba amesahau miwani. Aliporudi, alimkuta mbwa wa jirani anatoka bandani na manyoya mdomoni. Kuku wote wawili walikuwa wamekwisha. Mayai yalikuwa bado na joto.

— Miaka thelathini na sita sikupoteza kifurushi hata kimoja, alisema Stempu. Cha mke wangu ndio nimekipoteza.

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa benchi letu ni geni. Shangazi alilisogeza beseni karibu na jiko lake, si karibu sana, akauliza kama mtaani kuna mwenye kuku anayeatamia. Hatukumjua yeyote. Hapo Kamusi akasema kwamba mayai hayamtaki kuku, yanataka joto la digrii thelathini na saba na nusu, siku ishirini na moja, na kwamba huko mashambani makubwa wanatumia kabati lenye umeme. Nilishangaa baadaye kugundua kwamba ilikuwa kweli. Ni jambo la kweli pekee alilosema wiki ile.

Kabati lilikuwepo. Siku ya kustaafu, posta walimpa Stempu mkono wa pongezi na kabati la kupangia barua, lenye vijumba vingi na mlango wa mbao. Tulilileta kwa mkokoteni, tukang'oa vigawanyio vya kati, tukatandika wavu. Dakika Mbili alikwenda stoo kwake na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alirudi upesi. Alileta koili tatu, zile nyaya za kujisokota zinazowaka, za majiko ya umeme mabovu, zote za aina moja, mpya kabisa kwa maelezo yake, japo zilikuwa na kutu. Tuliweka moja juu ya kigae chini ya kabati, waya tukauingiza kwenye soketi ya kibanda changu. Ndani nikatundika kipimajoto nilichopewa bure na wauza gundi. Mayai tuliyaacha kwenye beseni kwanza, na huo ndio ulikuwa uamuzi wetu wa mwisho wa busara.

Baada ya nusu saa kipimajoto kilisoma hamsini na moja.

Stempu alisema hapo mayai yatachemka, na akaanza kutazama barabara kama vile mkewe anaweza kutokea muda wowote. Mabishano yakaanza. Kamusi alieleza kwamba tatizo ni urefu wa koili. Umeme ukipita njia ndefu, alisema, unakaa ndani ya waya muda mrefu, na unapokaa ndipo unapotoa joto, sawasawa na mgeni anayekaa sana. Fupisha njia, umeme utapita haraka, joto litapungua. Dakika Mbili aliunga mkono. Mimi niliona ina mantiki. Nani kati yetu angekataa, wakati kila mtu anajua kwamba kitu kikizidi unakipunguza? Nilitoa koleo yangu mwenyewe. Tuliikata koili katikati, tukaunganisha nusu, tukarudisha umeme.

Safari hii haikufika hata robo saa. Kipimajoto kilipita sitini, ambako ndiko mwisho wa namba zake.

Mtu mwenye akili hapo angesimama. Sisi tuliendelea. Kamusi alisema koili imekatwa ikiwa na joto la zamani, kwa hiyo ile nusu imebeba joto la koili nzima, na lazima tulitoe. Dakika Mbili alisema hapana, umeme umezoea kula koili nzima, sasa umepewa nusu sahani na una hasira. Kamusi akapanda juu zaidi, akasema huenda umeme wa mtaa wetu ni mzito kuliko wa mitaa mingine, kwa sababu uko karibu na ghala, na vitu vyote vizito hukusanyika karibu na ghala. Nilikuwa nimekaa na koleo mkononi, nikitikisa kichwa kukubali kila moja ya hoja hizo, na zote zilikuwa na hitimisho moja. Tukate tena.

Tulikata tena. Robo ya koili iliwaka nyekundu, ikapauka, vanishi ya posta ikaanza kutoa moshi, na mlio mdogo ukasikika ndani ya kibanda changu. Fyuzi. Sisi na saluni tumeunganishwa pamoja, kwa hiyo mlio ule ulikuwa wao pia. Mwanamama wa saluni alitoka nje na kikausha nywele mkononi, kimekufa, nyuma yake mteja mwenye nusu kichwa kibichi. Hakutugombeza. Alitutazama mmoja mmoja, polepole, kama anayetuhesabu kwa ajili ya polisi, akarudi ndani.

Stempu alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, mkono umeingia chini ya koti. Alisema yanapoa. Alisema kwa sauti ya chini sana, na nikaona aibu ya kuwa nilikuwa nimeanza kufurahia ule ubishi.

Sasa, muda wote huu kulikuwa na mtu wa sita pale, na hatukuwa tumemjali. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa suruali ya kazi yenye unga magotini. Aliniletea kiatu kilichoachia soli, nikakipaka gundi na kukibana, naye akawa amekaa mwisho wa benchi na kiatu kimoja mguuni akisubiri kikauke. Alikuwa amekunywa vikombe viwili. Sasa alimgeukia Dakika Mbili.

— Wewe ni fundi bomba?

Dakika Mbili akakiri.

— Tangi ni lilelile. Umeunga bomba jembamba refu, halafu umeunga jembamba fupi. Lipi litatoa maji mengi?

— Fupi, alijibu Dakika Mbili bila kufikiri, maana hiyo ndiyo kazi yake. Refu linakaba...

Hakumaliza. Niliona jibu lake likimrudia usoni. Alitazama koleo yangu, akatazama vipande vya koili chini, akakaa.

Yule mama alituambia kwamba yeye ni fundi wa oveni kwenye kiwanda cha mikate nyuma ya barabara kuu, na koili ndiyo riziki yake. Alituuliza umeme wa pale ni volti ngapi, yaani msukumo wake, na unapita ampea ngapi, yaani wingi wake.  Tulikuwa tumeunguza fyuzi, tumeharibu kabati la watu na kuiacha mbichi nusu ya nywele za mtu, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Kamusi alijaribu kusema kwamba ampea hutegemea majira, lakini alisema kwa kunong'ona.

Nilibadilisha fyuzi. Fundi akachukua koili ya pili, nzima, akaiunga, kisha akatoa mkobani kifaa chenye mdomo kama wa kaa, akaubana mdomo huo kwenye waya mmoja. Kikaandika mbili. Akapima na soketi, kikaandika mia mbili arobaini. Akaomba kalamu. Nilimpa ile ya wino wa rangi ya fedha ninayochorea ngozi, na kipande cha ngozi nyeusi, na yeye akaandika huku akituonyesha, mguu mmoja ukiwa na soksi tu.

Kila waya, alisema, una ubishi wake. Umeme unataka kupita, waya unakataa. Vitabuni wanauita ukinzani, na unapimwa kwa omu. Hauhitaji kuukisia, unaujua kwa kugawanya: chukua volti, gawanya kwa ampea. Mia mbili arobaini gawanya kwa mbili ni mia moja na ishirini. Koili nzima ina omu mia moja na ishirini. Na ukitaka kujua nguvu, yaani joto litakalotoka, usigawanye, zidisha: volti mara ampea. Mia mbili arobaini mara mbili, wati mia nne na themanini. Hizo ndizo zilizotupa digrii hamsini na moja.

— Mkaikata nusu, alisema. Ubishi ukabaki nusu. Omu sitini. Anayejua kugawanya, ampea ni ngapi?

Ni Shangazi aliyejibu. Anahesabu vikombe siku nzima kichwani, hatukumbuki hilo.

— Nne.

— Nne. Zidisha kwa volti.

Shangazi alifumba macho kidogo, akasema mia tisa na sitini.

 Mimi mwenyewe nilichukua ngozi nikaandika ya tatu: robo ya koili, omu thelathini, ampea nane. Fyuzi yangu ni ya ampea tano. Wati elfu moja mia tisa na ishirini. Kila tulipokata ili kupunguza, tulikuwa tumezidisha mara mbili.

— Mlitaka kuatamisha mayai, fundi alisema, mkajenga oveni yangu.

Alisema hivyo bila kejeli, na ndiyo maana iliuma. Kisha akatufundisha la kufanya, ambalo lilikuwa kinyume cha yote. Mkitaka joto lipungue, ongezeni waya. Tulikuwa na koili mbili nzima zilizobaki. Aliziunga moja nyuma ya nyingine, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili, zote zibishane nao. Omu mia mbili arobaini. Akabana kile kifaa chake kwenye waya. Kikaandika moja. Ampea moja, wati mia mbili arobaini, nusu ya joto la mwanzo. Dakika Mbili akatoboa matundu mawili juu ya kabati, tukaweka kizibo cha kuongeza na kupunguza hewa, na bakuli la maji chini. Kipimajoto kikapanda polepole, thelathini, thelathini na tatu, thelathini na sita, kikatulia kwenye thelathini na nane. Stempu akafungua kizibo kidogo. Kikashuka nusu digrii.

Aliyaingiza mayai moja moja. Alikuwa ameyapiga alama ya kalamu ya risasi, msalaba upande huu na duara upande ule, kwa sababu fundi alisema lazima yageuzwe mara tatu kwa siku. Nilimtazama akiyapanga, vidole vyake vikijua upana wa kila kijumba bila kuangalia, nikafikiri kwamba nilikuwa sijawahi kumwona mtu huyu akifanya kazi.

Fundi alivaa kiatu chake. Sikuchukua malipo. Kabla hajaondoka Kamusi alimwuliza, kwa heshima mpya kabisa, kama benchi letu lina omu ngapi. Akasema hajawahi kuona kifaa cha kupima hayo, akaenda zake.

Lililobaki lilikuwa shemeji. Benchi lilitoa ushauri mwingi. Dakika Mbili alipendekeza Stempu anunue kuku wawili wanaofanana na wale, awafundishe kukaa bandani. Kamusi alipendekeza asiseme lolote mpaka mayai yaanguliwe, halafu aseme kuku walikufa kwa furaha. Stempu aliwasikiliza, akainuka, akasogea mpaka kwenye ukuta na simu yake. Alizungumza ametupa mgongo. Aliporudi tulimwuliza shemeji amesema nini.

— Alinyamaza, alijibu. Nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Siku zilizofuata alitupa nusu ya muda wake tu. Kabati lilikuwa limehamia sebuleni kwake, naye alikuwa anakuja, anakunywa kikombe kimoja, anatazama saa, anaondoka kwenda kugeuza. Kamusi alilalamika kwamba benchi limepoa. Mimi nilimwambia alipunguzie waya.

Shemeji alirejea siku ya kumi na nane ya mayai. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikuja benchini na mzigo wake, jambo ambalo hajalifanya miaka yote, akasalimia, akakaa pale anapokaa mumewe, aliyeinuka kumpisha. Shangazi alimmiminia. Sisi tuliona huo ndio wakati wetu. Dakika Mbili alianza na tangi na mabomba mawili, Kamusi akadakia kwenye ukinzani, mimi nikatoa ile ngozi nyeusi yenye hesabu, ambayo nilikuwa nimeigongomelea ukutani. Tulimweleza jinsi ya kugawanya na jinsi ya kuzidisha. Tulimweleza kwa nini kukata ni kuongeza. Stempu alikuwa anamtazama tu usoni. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akanywa funda moja.

— Nimeelewa, alisema. Na umeme ukikatika?

 Dakika Mbili alikuna shingo. Nikaitazama ile ngozi kana kwamba jibu linaweza kuwa upande wa nyuma. Kugawanya tulijua, kuzidisha tulijua, lakini volti zikiwa sifuri unazizidisha na nini? Stempu aliweka kikombe chini kikiwa bado nusu, akachukua mzigo wa mkewe, wakaondoka pamoja.

Ulikatika siku ya ishirini, saa nane mchana. Tulijua kwa sababu mashine zote za saluni zilinyamaza kwa pamoja na mwanamama akachungulia nje kutuangalia sisi kwanza. Safari hii tulikuwa hatuna hatia. Nusu saa ikapita, bado. Kisha tukamwona shemeji anakuja kwa mwendo wa haraka, bila viatu vya kutokea, amekumbatia chupa tupu za plastiki, saba au nane. Hakutuangalia. Alimwendea Shangazi, akamwambia kabati limeshuka hadi thelathini na tatu, na mayai mawili yameshaanza kugongwa kwa ndani.

 Shangazi aliondoa kifuniko cha birika, akaimwaga kahawa yote mtaroni. Kahawa nzima, ya mchana, wakati ambao ndio anauza. Akajaza maji, akachochea mkaa, na tukapanga foleni ya kupuliza. Yalipopata moto, si ya kuchemka, tukajaza chupa, Dakika Mbili akazifunga vitambaa vyangu vya kung'arishia viatu, tukazikimbiza. Mwanamama wa saluni akatoka na mataulo, akatugawia. Tulibadilisha chupa mara nne. Kila nilipoingia sebuleni nilimkuta Stempu amekaa sakafuni, mgongo umeuziba mlango wa kabati, amelifunika kwa lile koti la kijivu, anasoma kipimajoto kwa sauti, thelathini na tano, thelathini na sita, kama mtu anayetaja anuani. Umeme ulirudi saa kumi na mbili kasoro.

Kesho yake tulikaa benchini tangu mapema. Kamusi alitaka kujua chupa moja ya maji ya moto ni sawa na wati ngapi, na kwa mara ya kwanza tulikubaliana kwamba hatujui. Karibu saa tano Stempu alitokea. Alikuwa hajanyoa, na suruali yake ilikuwa na vumbi magotini. Alisimama mbele yetu. 

— Vifaranga kumi na saba, alisema.

Alikaa chini pamoja nasi na kunyoosha mkono apewe kikombe. Shangazi aliliinamisha birika mbele yake kumwonyesha. Hela ya kununua kahawa nyingine alikuwa ameimwaga mtaroni jana yake. Ndani kulikuwa na maji tu, ya moto. Stempu aliyapokea hayohayo, akayapuliza, akanywa.